Undugu Unaishia Getini

4 Februari

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Marahaba, kabla hujaniamkia, maana najua ungeniamkia. Hujambo? Unalala? Unakula, au unawapakulia wengine na wewe unashindia chai? Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeamua kuishi maisha yake peke yake. Kuku ni wazima. Jogoo nimemchinja, alikuwa mjeuri.

Anayeandika ni fundi cherehani wa hapa jirani, yule anayevaa mkanda wa kupimia shingoni hata msibani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitilie lesi. Simu siitaki. Kwenye simu mtu akikuudhi unamjibu hapohapo. Barua nikiudhika naikalia kwanza.

Sasa sikia. Nimepata habari kwamba kwenye hilo shirika lenu la chakula, lile linalopikia wazee na watu waliokosa kazi, wewe ndiye umepewa kuajiri watu. Nimefurahi mpaka nikamwambia muuza mkaa bila kuulizwa. Na nimesikia mnatafuta mpishi mkuu. Mnamtafuta wapi wakati ninaye hapa jikoni? Mama yako mdogo, kitinda mimba wangu, anapika kwenye nyumba ya wageni ya yule mwanamke mwenye meno ya dhahabu. Anawapikia wageni asubuhi, mchana na jioni, na mshahara wake unategemea mwenye nyumba ameamkaje. Akiamka vizuri, anamlipa. Akiamka na kichwa kinamuuma, anampa shuka iliyochanika. Tuna shuka za kufunika barabara nzima.

Mchukue. Ni mdogo wake mama yako, amekubeba mgongoni na umemkojolea. Usiniletee mambo ya maombi na picha ndogo ndogo. Andika jina lake hapo mambo yaishe, nami nife nikijua wa mwisho wangu anapokea mshahara kama mtu.

Siumwi, usishtuke na hilo la kufa. Nimelisema ili nikusukume.

Ni mimi,
Bibi yako


15 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Nakutumia dawa ya kuchua goti, jioni upake, usiwape kuku. Mimi ni mzima na nakula. Nakula wa mwisho, foleni ikiisha, lakini kinabaki cha kutosha.

Bibi, siwezi kumchukua mama mdogo namna hiyo. Ngoja nikueleze kabla hujaikalia barua.

Mpishi mkuu aliyeondoka alikuwa shemeji yake msimamizi wa zamani. Kupika hakujua, alijua kuchekea vichekesho vya msimamizi. Viazi vilioza ghalani yeye yuko ofisini anakunywa chai. Siku alipoondoka watu wa foleni walipiga sahani kwa vijiko mpaka alipokata kona. Mimi nimeletwa kuwa msimamizi ili jambo lile lisirudi, na niko bado kwenye miezi ya majaribio.

Kwa hiyo tumepanga hivi. Kila anayeomba kazi anapewa namba. Majina anakaa nayo mwenyekiti wa bodi, muuguzi mstaafu, mama ambaye nadhani hata mtoto mchanga hakuwahi kumtabasamia bila sababu. Waombaji wanaingia kwa mlango wa nyuma, dirisha la jikoni tumeliwekea pazia. Wote wanapewa vitu vilevile, maharage, vitunguu, nyanya, mafuta na chumvi. Sisi tunakaa ng'ambo ya pazia tunaonja bila kujua ni mkono wa nani.

Mshahara tumeubandika mlangoni, wa kila kazi, asome anayetaka. Na hatumuulizi mtu alikuwa akilipwa nini alikotoka. Aliyepunjwa huko, tukimuuliza alichopata huko, tutampunja na hapa.

Mama mdogo nampenda, unajua. Lakini kwenye kazi hii, Bibi, undugu unaishia getini. Nikimweka kwa mkono wangu, kila sufuria litakaloungua litaitwa langu.

Usininunie.

Mjukuu wako


27 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Dawa nimepaka, inanuka kama gereji lakini inafanya kazi. Barua yako fundi ameisoma mara mbili, ya pili ni kwa sababu nilitaka kusikia tena pale uliponikatalia, nihakikishe ni wewe.

Namba. Ng'ombe mnadani ndio wenye namba. Mimi nikitaka kumjua mtu namuuliza, wewe ni wa nani? Akinitajia baba yake tu nimeshajua kama kwao wanalipa madeni, kama wanachelewa kuamka na kama kuna kichaa. Nyie mnataka kumjua mtu kwa kumficha nyuma ya pazia. Haya.

Na mshahara mlangoni. Nani anaanika mshahara kama nguo? Nilimwambia fundi hivyo, naye akainua kichwa, akasema, "Bibi, kwani watu wakijua yule dada wa dukani kwangu namlipa kiasi gani, kutakuwa na ubaya?" Nikamuuliza, "Kwani unamlipa kiasi gani?" Akainama akaendelea kuandika. Hapo nikaelewa kwa nini mlangoni ni mahali pazuri.

Lile la kutomuuliza mtu alikuwa akilipwa nini alikotoka, hilo nimelipenda moja kwa moja. Mama yako mdogo alikuwa amekaa hapa anachambua mchele fundi akisoma. Mikono ikasimama. Akauliza, "Hawaulizi kabisa?" Nikamwambia hawaulizi. Akarudi kwenye mchele wake, lakini nilimwona anachambua palepale palipokwisha kuchambuliwa.

Basi, sikuombi tena. Umesema undugu unaishia getini, nami mdomo nimeufunga. Umesikia? Nimeufunga.

Karanga hizi nimekaanga mwenyewe. Usigawe zote.

Bibi yako


2 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Goti vipi? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo sijui.

Bibi, kwa nini hukuniambia?

Jumamosi tulifanya lile jaribio. Waombaji sita, masufuria sita, pazia dirishani. Mezani tulikuwa wanne: mwenyekiti, mweka hazina, mimi, na fundi viatu mmoja anayekula kwetu kila siku, ambaye wenzake wa foleni walimchagua aonje kwa niaba yao. Alikuja amevaa tai. Sahani ya kwanza akasema, "Hii chumvi ni ya mtu aliyegombana na mumewe." Ya pili akasema huyu hajagombana na mtu yeyote tangu azaliwe, na hilo nalo ni tatizo. Tukawa tunacheka.

Ikaja namba nne. Nikachota kijiko. Yale maharage upawa mmoja ulikuwa umepondwa ukarudishwa sufuriani, mchuzi ukawa mzito. Na kitunguu kilitiwa mara mbili, nusu mwanzoni kikayeyuka, nusu mwishoni kikabaki kinalia menoni. Hakuna anayepika hivyo isipokuwa wewe na uliowafundisha. Nilijikuta niko jikoni kwako nimekaa kwenye kigoda, nangoja ugeuke nidokoe.

Nikaweka kijiko chini. Fundi viatu akaniuliza, "Vipi, msimamizi, umeuma jiwe?" Yeye alikuwa ameshaanza kufuta sahani kwa kidole.

Ningeweza kunyamaza, Bibi. Hakuna ambaye angejua. Nikasema, "Mwenyekiti, huu mkono naujua. Huyu ni ndugu yangu."

Mweka hazina akacheka, alidhani natania. Mwenyekiti hakucheka.

"Uliambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Umejuaje?"

"Kwa kitunguu."

Akafungua bahasha ya majina, akasoma, akanitazama kama mgonjwa aliyetupa vidonge chooni. Jaribio likasimama hapohapo. Waombaji wote wakaambiwa waende nyumbani wangoje. Mama mdogo nilimwona mgongo tu, anafungasha kisu chake kwenye kitambaa. Hakugeuka.

Sasa wanasema namba nne aondolewe kwa kuwa ana ndugu mezani. Na mweka hazina anauliza kama mimi na yeye tulipanga, ili nijifanye mwaminifu mbele za watu. Mwezi huu wataamua yote mawili, la mama mdogo na langu.

Kosa langu nalijua. Kwenye tangazo sikuandika kwamba mwenye ndugu ndani aseme mapema. Nilifikiria kuficha majina na nyuso, ulimi sikuufikiria. Lakini wewe, Bibi, ulisema umefunga mdomo.

Mjukuu wako


11 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti linakusalimia.

Mdomo niliufunga. Sikumwambia mtu neno. Si ndilo hilo unalolalamikia?

Sikia ilivyokuwa. Mama yako mdogo alikata tiketi mwenyewe. Nikamwambia, "Mpe mwenzio habari kwamba unakuja." Akanijibu, "Mama, nikimpa habari nimekwisha. Akinichukua, watasema ni yeye. Asiponichukua, nitasema ni yeye. Hapa mimi ni binti yako. Kwa majirani mimi ni yule aliyeachwa na mumewe. Kule kwenye meno ya dhahabu mimi ni 'we, hebu njoo'. Niache niwe namba siku moja. Nataka mtu aonje chakula changu bila kuniuliza kitu." Nikanyamaza. Unanijua, mimi kunyamaza ni kama kuugua.

Nawe uliulizwa maharage, ukajibu ukoo.

Nilikasirika, sikufichi. Barua yako niliikalia kutwa, mpaka fundi akauliza kama tunaweza kuipata aisome tena. Mama yako mdogo alirudi akaenda moja kwa moja kuosha vyombo vya wageni, na vyombo vilikuwa tayari safi. Nikasema moyoni, mjukuu huyu akija hapa atalala nje na kuku.

Halafu nikapoa. Ungenyamaza, leo angekuwa anapika huko, na kila akikutazama angejiuliza ni maharage au ni wewe. Kwa hiyo kweli umeisema na ulipaswa kuisema. Ila umeisema nusu ukaishia. Uliniambia hamumwingizi mtu kwa sababu ya damu. Vizuri. Basi msimtoe mtu kwa sababu ya damu. Mizani gani hiyo ya muuza nyama, inayoelemea upande mmoja kila siku? Unayemjua ni wewe, basi utoke wewe. Yeye muacheni na sufuria lake.

Mwambie huyo muuguzi wako hivyo. Akibisha, aje anichome sindano nimweleze mwenyewe.

Na huyo mweka hazina anayesema mlipanga, mwambie familia yetu haijawahi kupanga jambo likaenda lilivyopangwa. Siku ya harusi ya mama yako bwana harusi alishuka nyumba ya jirani, akala pilau lote la watu wasiomjua.

(Hapa Bibi ameongeza neno moja juu ya mweka hazina ambalo sikuliandika. Mniwie radhi. Fundi.)

Wakikufukuza, rudi. Kitanda chako kipo. Kina mahindi juu lakini yanaondoka.

Bibi yako anayekupenda kuliko unavyostahili


6 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu ni ya mama mdogo.

Barua yako nilimsomea mwenyekiti, ile sehemu ya mizani. Sindano niliiruka. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Sasa nisomee na hiyo uliyoiruka." Nikasoma huku natazama sakafu. Bibi, alicheka. Karani alikuja mbio akidhani kuna aliyeanguka.

Jaribio limerudiwa. Tangazo limeongezwa mstari: mwenye ndugu ndani aseme, na huyo ndugu akae mbali. Siku ile mimi nilikuwa getini na mlinzi, tunapokea magunia ya viazi, nimekatazwa hata kuja kunywa maji. Namba zilichanganywa upya. Mezani walikuwa watatu, mwenyekiti, mweka hazina na fundi viatu na tai yake.

Wawili walimpa mama mdogo. Mweka hazina alimpa mwingine, na majina yalipofunguliwa akasema angalau hakuna atakayesema yeye alipendelea.

Ni mpishi mkuu, Bibi. Alipotoka alikwenda kusimama mbele ya mlango wenye mishahara, akasoma mstari wake, akaondoka, akafika kwenye ngazi, akarudi kuusoma tena.

Mimi nimebakishwa kazini. Nimepewa barua ya onyo kwa lile tangazo, na ninastahili. Umpe nguo nzito, jiko hili lina baridi asubuhi kabla moto haujashika.

Mjukuu wako


14 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba zako zote tatu.

Ameondoka leo. Alipokwenda kuaga, yule wa meno ya dhahabu alimwongezea mshahara palepale mlangoni, alivyotoka mbio ndala zikiwa mkononi. Mama yako mdogo akamuuliza, "Hela hizi zilikuwa wapi siku zote?" Akabeba sanduku lake.

Nyumba iko kimya mpaka nasikia kuku wakifikiri. Nimefurahi. Kulia nimelia kidogo, vitunguu.

Akikosea mkaripie kama wengine. Jioni mchemshie chai.

Bibi yako


30 Juni

Bibi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Naandika haraka maana mama mdogo amenigeuka.

Kila asubuhi wanakuja wanawake watano wa mtaa huu kumenya viazi na kuchagua mboga zinazoletwa kutoka sokoni. Tangu shirika lianze wanaitwa wenye moyo. Wanapewa sahani ya chakula na ahsante, na mwisho wa mwaka cheti chenye nembo yetu. Mkubwa wao ni mama mmoja mzee tunayemwita Kisu Kimoja, kwa sababu hashiki kisu kingine ila chake.

Wiki iliyopita mama mdogo alisimama mbele ya ule mlango, mikono kiunoni. "Msimamizi," akasema, maana kazini ananiita hivyo, "hawa wanaomenya wako mstari wa ngapi?" Nikamwambia hawamo, wao wanajitolea, wana moyo.

"Na mimi sina? Mlinzi hana? Mbona sisi tumeandikwa?"

Nikamweleza bajeti. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati. Kesho yake walipokuja akawakalisha kwenye benchi, akawapa chai, akachukua kisu akamenya peke yake. Magunia, Bibi. Peke yake. Chakula cha mchana kikatoka jua limeshageuka, foleni imefika kwa kinyozi. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu fundi viatu aliingia ofisini na tai, akasema hajaja kulalamika, amekuja tu kukaa mbele yangu akiwa na njaa.

Nimfanye nini? Hajagoma. Hajamtukana mtu. Anafanya kazi kupita kiasi.

Mwenyekiti ananiambia, "Si mama yako mdogo? Zungumza naye nyumbani." Nimezungumza. Akiwa chumbani kwangu anasema hayo ni ya kazini. Tukifika kazini anasema ameshayasema.

Wewe anakuogopa, Bibi. Mwandikie maneno mawili tu. Awaache wamenye kama zamani, mwakani tutaona.

Mjukuu wako


8 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti lilikuwa limepona. Barua yako imelirudisha.

Hapana.

Hilo ndilo jibu, mengine ni maelezo. Nilikuomba jambo mwezi wa pili ukaniambia undugu unaishia getini. Iliniuma, nikaikalia, nikazoea, na sasa naona ulisema vizuri. Leo limekufika wewe, unataka bibi aruke geti na goti hili. Kama ni mfanyakazi wako, mjibu kama mfanyakazi. Ameuliza swali, wako mstari wa ngapi? Mimi nimesikiliza barua nzima na sijasikia ulipomjibu.

Unaniambia wana moyo. Mjukuu wangu, mimi nimemenya tangu sijaota meno yote mpaka sasa yameanza kupungua, na sijawahi kumenya kwa moyo. Nimemenya kwa kisu. Na wewe umeniandikia mwenyewe, aliyepunjwa jana tusimpunje leo. Au hilo ni la wapishi tu?

Hao wanawake mnawalipa sahani na karatasi. Karatasi yenye nembo. Yule wa meno ya dhahabu angalau shuka unaweza kulalia.

Nimekukaripia, na mkono wa fundi umechoka. Sasa nakubembeleza. Najua unaogopa hela hazitatosha, na wakubwa watasema tangu ndugu yake aje ni fujo. Watasema. Hata usipofanya watasema, midomo ni yao. Wewe si mbaya. Umesimama karibu sana na ule mlango, mtu akiwa karibu hivyo haoni nani hayumo. Rudi nyuma hatua mbili usome tena.

Kisha ule. Najua hujala.

Bibi yako


29 Julai

Bibi,

Shikamoo. Nilikuwa sijala, ni kweli.

Siku ile barua yako ilipofika nilikwenda kukaa benchi na wale wanawake. Nilimuuliza Kisu Kimoja huwa anatoka nyumbani saa ngapi. Akanicheka. Akasema, "Kwani kuna saa? Natoka jogoo hajakohoa." Nikachukua kisu, nikamenya na mama mdogo mpaka kiganja kikachubuka. Hakunisifu. Alisema tu namenya nene, natupa nusu ya kiazi.

Nimekwenda mbele ya bodi mwenyewe. Mweka hazina akasema fedha hakuna. Zilikuwepo za bango la taa la kuweka barabarani. Mwenyekiti akasema tangu aingie humu hajaona mwenye njaa aliyepotea njia, bango la nini. Posho za vikao nazo wamezikata nusu, na baadhi yao sasa hawaniitikii salamu. Mweka hazina alitaka kazi hizo zitangazwe, wale wanawake nao waje na namba kama wageni. Nilikataa. Kazi wameifanya miaka yote hiyo, ni yao. Atakayeongezwa baada yao ndiye atakayepita nyuma ya pazia.

Mlango una mstari mpya. Mshahara wao wa kwanza ni mwisho wa Agosti. Siku hiyo nitakuwa safarini kufuata mchele tuliopewa. Mama mdogo anasema uje wewe. Nauli imo ndani ya bahasha, na si ya shirika, ni yangu.

Mjukuu wako


3 Septemba

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nimerudi salama, kuku hawakuonyesha kama walinikumbuka. Chumba chako ni kidogo lakini ni kisafi, na kitanda chako kinalalamika kuliko mimi.

Hukuwepo, kwa hiyo nakueleza, maana mama yako mdogo atakuambia kwa maneno matatu.

Kwanza nilikula. Nilipanga foleni nyuma ya mtu mwenye tai. Aliniambia nikionja nitashangaa. Nikamwambia ngoja nione.

Baadaye mweka hazina akaweka meza pale ukumbini. Si mbaya kama nilivyosema, macho yake tu yamekaa karibu karibu. Akawaita mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake lote, la kwake na la baba yake. Mmoja hakuitika, ilibidi wenzake wamsukume, alikuwa amesahau ndiye yeye. Wanne wakachukua bahasha wakaondoka na kelele zao. Mmoja alikuwa hajafika hata mlangoni, akageuka akamuuliza mama yako mdogo likizo inakuwa lini.

Wa mwisho ni Kisu Kimoja. Akatia dole gumba kwenye daftari, akahesabu, akafunga kwenye ncha ya nguo. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi.

Tukadhani anapumzika. Masufuria yakaoshwa, yeye yuko. Sakafu ikapigwa deki, akainua miguu, ikapita, akashusha. Mweka hazina akafunga meza yake, akamuuliza kwa upole kama kuna kosa kwenye hesabu. Akasema hakuna. Mama yako mdogo akamuuliza kama anaumwa. Haumwi. Mlinzi akaja na funguo, naye akakwama.

Nikaenda kukaa naye. Nilimwambia goti langu, akaniambia la kwake, la kulia. Mwishowe nikamuuliza, mimi sijui kuzunguka, "Mwenzangu, unangoja nini?"

Akasema, "Nangoja wabadilishe mawazo. Bora wabadilishe niko hapahapa wachukue. Nisiende nazo nyumbani, nikaanza kuzipangia, halafu nikaitwa nirudishe."

Nilitaka kumwambia hawatamwita. Nikaona ni maneno tu, hayo ameshapewa mengi. Nikamwambia, "Basi tungoje wote."

Mama yako mdogo akavua aproni akaja kukaa upande wa pili. Mweka hazina alikuwa amefika mlangoni na mkoba wake. Akatutazama, akarudi, akavuta kiti. Hata mlinzi akaegemea ukuta na funguo zake, hakuzipiga piga. Tukakaa hivyo, watu wazima watano ndani ya ukumbi mtupu, tunangoja mtu abadilishe mawazo, na hakuna aliyebadilisha.

Akasimama. Akajipangusa nguo mbele na nyuma.

"Basi ni zangu," akasema. Akaenda zake.

Bibi yako